Kubadilishana vyombo mtaani: panga kwa aina, usipange kwa mwenye kitu

Dada, umeuliza ufanyeje ili majirani walete vitu vya nyumbani wasivyovitumia, wabadilishane bila ugomvi. Sisi huku Makorora, Tanga, tunafanya mwezi wa Shaaban, watu wanaposafisha nyumba wakiingojea Ramadhani na kila kabati likitoa vyombo vilivyosahaulika.

La kwanza: kitu kwa kitu hakifai. Ukisema sufuria kwa feni, watu wataanza kupimana, nani kaleta cha maana, nani kaleta makorokoro. Na mwenye kidogo haji kabisa, anaona haya. Kwetu vitu vinapokelewa uani asubuhi na kutandazwa kwenye mikeka kwa aina: masufuria huku, mapazia na mashuka kule, vya umeme peke yake. Ikifika alasiri hakuna ajuaye hotipoti ile imetoka kwa nani, na kila mtu anachukua anachohitaji. Wapokeaji wawe wanawake wawili watu wazima, wasiopenda maneno. Hapo ndipo shughuli yote ilipo, nakusisitizia. Jirani yangu mmoja, mjane, alichukua mbuzi ya kukunia nazi na chano mbele ya watu wote wala hakuna aliyemgeukia. Mwaka uliofuata yeye ndiye alikaa mkekani kupokea.

Vikubwa kama feni, kabati na godoro, pigeni kura. Karatasi kwenye bakuli, mtoto achomoe, basi.

Kwenye ukaguzi usimwonee mtu haya. Chupa ya chai itie maji ya moto uifunike. Ubavu wake ukipata joto, hiyo haitunzi chai tena. Feni iwashe nusu saa kisha unuse mota, maana hewa ya chumvi ya bahari inakula vyuma, na feni inaweza kuanza vizuri halafu ikatoa harufu ya kuungua. Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani soma kibandiko chake: kama kimeandikwa volti 120 tu, umeme wetu wa 230 utakiunguza. Godoro funua mishono. Ukiona vidoa vidogo vyeusi ni kunguni, lirudi lilikotoka hapo hapo. Mashuka yaje yamefuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Dawa na mitungi ya gesi hatupokei.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aambiwe mapema. Wapokeaji wawe na daftari la nani kaleta nini, lisomwe tu likizuka la wizi, kwa sababu mali ya wizi ikipita uani kwako, wewe ndiye utakayeitwa kituoni.

Siku nzuri ni Jumapili, waliokwenda kanisani wamesharudi na alasiri imeshaswaliwa. Masika usithubutu kufanyia nje. Kila mtu aje na kikapu chake, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Kubalianeni kabla kwamba kilichopita ukaguzi na kupokelewa hakirudi nyumbani kwa mwenyewe. Vizima vilivyobaki tunavipeleka madrasa, vibovu vya chuma na alumini anapimiwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na fedha zinaingia mfuko wa maziko wa mtaa. Huyo mnunuzi mwite mapema mpatane bei ya kilo mchana, maana akikuta kiza kinaingia na mnataka kufunga, atashusha bei.