Ukihama, chukua tawi, mti uache

Nimehamishwa kikazi mara nne, na makabati hayajawahi kunisumbua. Fundi anakuja na bisibisi, saa mbili baadaye kila kitu kimelala vipande. Kinachonitoa jasho ni miti. Ukikaa nyumba ya kupanga miaka mitano, kama nilivyokaa Lushoto, utapanda mlimao, utapanda mparachichi, jirani atakupa kijiti cha mkomamanga, na barua ya uhamisho itafika ndiyo kwanza vimeanza kuzaa. Wewe unayeanza sasa, pokea haya niliyojifunza kwa hasara.

Hasara yenyewe ilikuwa ule mlimao. Shina lake lilikuwa na unene wa sentimita nane hivi. Niliita vijana wawili, tukauchimba asubuhi moja ya Januari, jua la kiangazi limeshakolea, ukatoka na kidonge cha udongo cha ukubwa wa sufuria ya wali. Tukausimamisha nyuma ya kirikuu kati ya godoro na meza, nikajiona mjanja. Tunaingia Morogoro jioni, majani yamejikunja kama sigara. Nikaupanda, nikaumwagilia mpaka nikakaribia kuuzamisha. Wiki ya tatu nilikwangua gome kwa ukucha, nikakuta kahawia tupu.

Baadaye fundi mmoja wa kitalu alinipa kipimo, nikacheka kwa uchungu. Donge la udongo unalong'oa nalo mti linatakiwa kuwa na upana wa mara kumi hadi kumi na mbili ya unene wa shina. Mlimao wangu ulidai donge la karibu sentimita 90. Piga hesabu ya uzito, unakaribia nusu tani! Hiyo ni kazi ya winchi, kwa mti ambao mche wake mpya unauzwa bei ya soda chache.

Kwa hiyo ng'oa miti michanga tu, ile ambayo shina lake halijapita unene wa kidole gumba. Hata hiyo iandae. Miezi miwili mitatu kabla ya kuhama, zungushia koleo kwa kulididimiza ardhini, kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka shinani, ukate mizizi inayokwenda mbali, kisha uendelee kumwagilia. Mti utatoa vijizizi vipya karibu na shina, na hivyo ndivyo utakavyosafiri navyo. Siku ya kung'oa punguza matawi na majani, funga donge kwa gunia bichi, na njiani funika kila kitu kwa turubai. Mlimao wangu uliuawa na upepo wa barabarani kabla hata jua halijaumaliza.

Siku hizi, hata hivyo, sing'oi. Nachukua matawi, na kila mti una njia yake.

Mkomamanga, mtini, mzabibu na mforosadi havina maringo. Kata vijiti vilivyokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, vichomeke kwenye viriba vyenye mchanga na udongo, theluthi mbili ndani, viweke kivulini. Angalia tu usivichomeke kichwa chini. Unacheka, lakini ukishakata vijiti thelathini vinafanana vyote. Mimi chini nakata mshazari, juu nakata sawa, basi hata anayenisaidia hakosei.

Mlimao, mpera na mlichi navitilia mizizi vikiwa bado juu ya mti. Kazi hii naipenda kuliko zote, hivyo nivumilie kidogo. Chagua tawi lenye afya, unene wa kati ya penseli na kidole gumba. Zungusha kisu mara mbili, pete moja na nyingine ziachane vidole viwili, kisha chubua gome lote lililo katikati. Utaona mti mweupe unaoteleza. Ule utelezi ukwangue mpaka uishe, maana ukiuacha, gome linajiunga upya na mizizi haitoki. Wengi hushindwa hapo, kisha wanasema mti una mkosi. Chukua makumbi ya nazi yaliyolowekwa, yakamue yasichuruzike, funika kidonda kwa konzi moja nzuri, zungushia nailoni na ukaze juu na chini. Zamani tulitumia mifuko ya rambo. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 mimi natunza nailoni zinazofungiwa mikate, na zinafaa zaidi kwa sababu unaona ndani.

Subiri wiki sita hadi kumi. Siku moja utapita na kuona nyuzi nyeupe zimebanana kwenye nailoni kama tambi, na zikianza kugeuka rangi ya maziwa yenye chai, mche umeiva. Kata chini ya kidonge, toa nailoni taratibu, punguza nusu ya majani, weka kwenye kiriba au ndoo yenye matundu, ukae kivulini mwezi mzima kabla ya safari. Ukijumlisha muda wote huo unapata miezi mitatu na ushee. Barua ya uhamisho haikupi miezi mitatu. Ndiyo maana mimi kila mwaka, masika yanapoanza, nina vidonge viwili vitatu vinaning'inia mitini hata kama hakuna tetesi za kuhama. Nisipohama nawapa majirani.

Mparachichi na mwembe havisikii habari hizo kirahisi. Hivi ni vya kubebesha, yaani kijitawi cha mti unaoutaka (kikonyo) kinaunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Na usijidanganye kwamba utabeba kokwa ya lile parachichi tamu ukalipande, maana mti wa kokwa hauzai tunda la mama yake. Parachichi zote za Hass duniani zimetoka kwa vikonyo vya mti mmoja wa California, uliosajiliwa na Rudolph Hass mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa kwa kuoza mizizi mwaka 2002, ila nenda Njombe uone ulivyo hai. Kata vikonyo vya unene wa penseli ambavyo macho yake yamevimba lakini hayajafunguka, toa majani ubakishe vijiti vifupi vilivyoyashikilia, funga kwa gazeti bichi, tia kwenye nailoni, weka ndani ya kiboksi cha barafu bila kugusana na barafu. Vibebeshwe ndani ya siku mbili tatu. Unakohamia tafuta mwenye kitalu mapema, mwagize miche ya kienyeji ya kubebeshea. Morogoro sikupata tabu, mji wenye SUA, chuo kikuu cha kilimo, hauishiwi mafundi.

Mpapai usiuguse, mizizi yake haitaki kusumbuliwa. Beba mbegu.

Vingine viache kwa sababu ya hali ya hewa. Nilibeba miche miwili ya mfyulisi kutoka Lushoto, na Morogoro ilinipa majani tu, maana inahitaji baridi ambayo huku haipo. Vingine viache kwa ugonjwa. Mchungwa au mlimao wenye majani yenye mabaka ya njano yasiyolingana upande huu na huu wa mshipa wa kati, usikate hata kijiti. Huenda ni ule ugonjwa unaoenezwa na vidudu vidogo vya kunyonya, na kikonyo nacho kinaubeba. Ukiwa unavuka mpaka, tuseme Namanga, uliza kwanza cheti cha afya ya mimea, wasije wakakunyang'anya vyote getini.

Na zungumza na mwenye nyumba kabla ya kushika koleo. Kilichoota kwenye ardhi yake atakihesabu chake. Mama mwenye nyumba wangu wa Lushoto aliposikia kwamba kwenye mparachichi nataka matawi tu, alinishikia ngazi.

Mparachichi wangu wa Morogoro ulizaa mwaka wa nne. Mwaka uliofuata yule mama alinipigia. Mwanawe alikuwa amekata mti wa kule ili ajenge fremu za maduka, na sasa anatafuta mche wa parachichi ile ile, je, mimi bado ninayo? Nilimkatia vikonyo kumi na viwili alfajiri, nikavifunga kwa gazeti bichi, nikampa kondakta wa basi la saa kumi na mbili. Juu ya boksi niliandika kwa kalamu nene: KISIKAE JUANI.