Maiki ya vidio: kabla upeleke pesa Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi

Watu huniandikia "niaje, niko na elfu kumi, ninunue maiki gani" na mimi nawajibu na swali lingine: unarekodia wapi, na maiki itakaa umbali gani na mdomo wako? Wengine hukasirika wanadhani nawazungusha. Lakini hapa Nairobi hilo ndilo swali lenyewe, juu maiki ya elfu arobaini ukiiweka mita mbili kutoka kwa mdomo ndani ya keja ya tailisi, itasikika vibaya kuliko ya elfu mbili imebanwa kwa kola.

Hesabu yake si ngumu. Kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti yako inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukitoka sentimita 20 ukaenda 40 umepoteza 6, ukienda 80 umepoteza 12, ukifika mita moja na nusu, pale wengi husimamisha tripodi, umekaribia 18. Sasa kelele ya mathree (matatu) ya nje haijashuka, iko palepale, pampu ya maji ya ploti pia iko palepale, na watoto wa jirani kwa koridoo ndio usiseme. Ukija kuongeza volyumu kwa kuediti unaongeza zote pamoja.

Kwa hivyo mtu anayeanza namwelekeza kwa maiki ya kola ya waya, ata kama si fashoni. Ile watu wengi wanaijua ni Boya BY-M1, waya wake ni mita 6 kwa hivyo unasimama mbali na simu bila shida, na ina ka-swichi kenye watu hukasahau, upande mmoja ni wa simu na mwingine wa kamera. Upande wa kamera ndio unataka ile betri ndogo ya LR44. Nusu ya wale huniambia "maiki imekufa" ni swichi tu iko upande usio wao, ama betri imeisha.

Shida ingine iko kwa jeki na hii ndiyo huumiza watu kimyakimya. Angalia ile chuma ya jeki, hesabu vile vimstari vyeusi. Vitatu ni ya simu, viwili ni ya kamera. Ukichomeka ya viwili kwa simu, simu haiitambui kama maiki, inaendelea kurekodi na maiki yake ya ndani na wewe hujui kitu, unarudi nyumbani na interviu nzima imejaa mwangwi. Na simu nyingi siku hizi hazina shimo la jeki, ni Type-C tu, kwa hivyo unahitaji adapta, na adapta si zote ni sawa: zingine ni waya tupu, zingine ziko na chipu ya DAC ndani, ile ya kubadilisha sauti kati ya waya na dijitali. Kama simu yako inataka ya DAC, ile ya bei ya chini kabisa haitafanya kazi ata ukiipanguza mara ngapi.

Jaribu pale pale dukani, usiogope muuzaji. Chomeka, anza kurekodi, kwaruza maiki na ukucha, halafu kwaruza simu. Ukicheza ile rekodi, kwaruzo la maiki ndilo linafaa kuwa kubwa. Kama kwaruzo la simu ndilo linapiga kelele basi bado unatumia maiki ya simu. Luthuli kuna kelele ya kutosha mchana, spika za maduka zinashindana, kwa hivyo hakuna mahali pazuri pa kujaribu maiki kama pale, ikikusikia poa hapo itakusikia popote.

Hedifoni nunua siku hiyohiyo, za waya, hazina haja ya kuwa za jina. Programu ya kamera ya simu mara nyingi haikuruhusu kusikiliza ukiwa unarekodi, sawa, rekodi sekunde kumi, sikiliza, ndio uendelee. Mimi hutumia Blackmagic Camera, ni ya bure, iko kwa iPhone tangu 2023 na Android ikafuata 2024 ingawa si kila simu inaikubali, na inakuonyesha mita ya sauti na kukuachia uchague maiki. Weka sauti ikipanda ifike kama desibeli -12 kwa ile mita, usiiache iguse nyekundu, sauti ikishapasuka hakuna mtu atakuokoa kwa kuediti. Na simu iwe flight mode, ile kelele ya trrr trrr ya netiweki huingia kwa waya.

Sasa wayalesi. Najua ndio unataka, kila mtu TikTok ameshika kamoja kama lolipopu. Kama vidio zako ni za kutembea, kupika, kuonyesha nyumba za kukodisha huko Ruaka, nunua, waya utakusumbua. Lakini jua kwamba nyingi zinatumia 2.4 GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, na katikati ya tao kila ghorofa iko na Wi-Fi yake. Mwili wa binadamu pia unazuia hayo mawimbi, ukigeuka ukaipa kamera mgongo sauti inaanza kukatika. Ndio maana napenda zenye zinarekodi ndani ya ile ya kifuani pia, kama Rode Wireless GO II ya 2021 ama DJI Mic 2, mawimbi yakikatika bado uko na faili. DJI Mic Mini ya 2024 ni nyepesi na bei yake ina huruma lakini haina hiyo ya kurekodi ndani, kwa hivyo mtu wa harusi na ruracio (sherehe ya mahari) afikirie mara mbili, hakuna bibi harusi atarudia kiapo. Zile za bei ya chini kabisa za mbili kwa boksi ni sawa kwa kujifunza, ila ile batani ya kupunguza kelele izime, inafanya uongee kama uko ndani ya tangi la maji.

Nje usikose kikofia cha manyoya. Sponji pekee haitoshi upepo wa Uhuru Park.

Wa podcast na vidio za kukaa mezani, tafadhali kaeni mbali na maiki ya kondensa ya USB kama mnaishi bedsita. Ni maiki nzuri, shida inasikia kila kitu, ikinyesha kwa mabati ndio basi. Maiki ya aina ya dainamiki inasamehe zaidi, unaisogelea karibu na mdomo unapunguza gaini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki) na chumba kinabaki nyuma. Samson Q2U ukiipata iko na USB na XLR (ile plagi ya pini tatu) zote mbili, na Shure SM58 ni ya tangu 1966, bado iko kwa kila kanisa, ila hiyo utahitaji intafesi, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta. Shure SM7B ya wale mastaa wa podcast wacha kwanza, inataka gaini kama desibeli 60 na intafesi nyingi za bei ya chini zitakupa chesss nyuma ya sauti. Blanketi mbili nzito ukutani na godoro nyuma ya kamera zitakusaidia kuliko kubadilisha maiki, naongea serious.

Ukinunua mitumba, maiki za waya hazina maneno mengi, tingisha waya pale kwa jeki huku unasikiliza, kama inakwaruza rudisha. Wayalesi ndio mtihani kwa sababu betri iko ndani na huwezi kuibadilisha kirahisi, imetumika miaka mitatu na muuzaji anakuambia "iko fresh kabisa bro". Mwambie aichaji ijae, iwashwe, muagize chai na mandazi mkae hapo saa moja hivi mkiangalia asilimia ikishuka. Kama hana saa moja, pesa ibaki kwa M-Pesa yako.