Jibu kwa dada wa Majengo, Moshi

Pole sana dada yangu. Nimekuelewa hivi, shemeji kapata zuio la muda (amri ya kuzuia jambo mpaka kesi isikilizwe) kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba bila wewe kuitwa, kaapa kwamba nyumba haina mtu na umeme ulishakatwa, wakati wewe na watoto mnaishi humo na luku unanunua kila wiki. Hilo sio jambo dogo hata kidogo! Anayeomba zuio upande mmoja, yaani mwenzake hayupo kujibu, anatakiwa aseme kila kitu, hata kinachomuumiza yeye, akificha kitu, zuio linaweza kufutwa kwa hilo tu. Kwa hiyo usikae kusubiri tarehe, peleka maombi ya kulitengua, kwenye sheria ya mwenendo wa madai ipo Amri ya 37 kanuni ya 5, na uambatanishe kiapo chako, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia, kinachopinga cha shemeji. Ushahidi wako ni mita, yaani meseji zote za tokeni usifute hata moja, kaombe Tanesco historia ya manunuzi kwa namba ya mita, halafu barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na kiapo cha uongo ni jinai, mpaka miaka 7 jela, mwambie wakili wako alisimamie hilo.