Chagua maua kwa jicho la Agosti: bustani ya kiangazi huku Texas

Kila ikifika Juni simu yangu hujaa picha za maua yaliyonyauka. Wengi wanaonitumia ni Watanzania, Wakenya na Wakongo waliohamia Dallas na miji inayoizunguka, watu waliokulia juani na wasiotishwa na joto. Swali lao ni lile lile: "Dada, namwagilia kila siku, mbona yanakufa?" Nimelijibu mara nyingi hadi nimeona heri niliandike. Maua hayo yalinunuliwa Machi, yakapendwa kwa uzuri wake wa Machi, na hayakuumbwa kuiona Agosti ya huku. Texas ua huchaguliwa kwa Agosti.

Kwanza tusijidanganye kwamba jua hili tunalijua. Nyumbani, karibu na ikweta, jua hutoka kama saa kumi na mbili na kuzama kama saa kumi na mbili, na usiku ardhi inapata nafasi ya kupoa. Huku mwezi Juni mchana unapita saa kumi na nne. Jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, na joto hufikia kilele saa kumi au kumi na moja jioni, wakati ambao kwetu watu wameshatoka barazani kupunga upepo. Kisha usiku nao haupoi. Ukuta wa matofali uliopigwa na jua la jioni unaendelea kutoa joto hadi usiku wa manane, na mmea ulio chini yake haupumziki. Mwaka 2011 eneo la Dallas na Fort Worth lilikuwa na siku 71 zilizofikia nyuzi 100 za Farenhaiti au kuzidi, yaani karibu 38 za Selsiasi, na 40 kati ya hizo zilifuatana bila kukatika. Si kila mwaka huwa hivyo, lakini mimi hupanda nikiuhesabu mwaka wa namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kitaluni, zunguka nyumba yako saa kumi na moja jioni mwezi Juni uone jua linapiga wapi. Upande wa mashariki, unaopata jua la asubuhi na kivuli cha jioni, ndio wa maua laini. Upande wa magharibi uachie mimea migumu tu. Kibao kikiandikwa kwamba mmea unataka jua la siku nzima, usikiamini moja kwa moja; vibao vingi huandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na jua la siku nzima la Michigan, kule kaskazini kwenye baridi, si hili letu.

Halafu kuna udongo. Mashariki mwa mstari unaopita Dallas, Waco na Austin kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao sisi tunaujua vizuri: Watanzania tunauita udongo wa mbuga, na mwenye kiwanja Kitengela anaufahamu kwa jina la black cotton. Ukilowa unavimba na kunata kwenye viatu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ndiyo maana huku watu humwagilia hata msingi wa nyumba wakati wa ukame, ili udongo usisinyae ukapasua kuta. Tena una chokaa nyingi, na chokaa huyafunga madini ya chuma. Ukiona majani yamegeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, ni njaa ya chuma hiyo, maji hayataiponya. Azalia na gadenia, hata zikuvutie vipi dukani, zitateseka kwenye udongo huu. Mimi nimeshaziacha kabisa na sioni hasara.

Kuulainisha, usimwage mchanga. Mchanga na mfinyanzi ukikauka unakuwa kitu kigumu kupindukia. Weka mboji, na kama mfuko unaruhusu, changanya na vijiwe vya shale (mwamba laini wa mfinyanzi) vilivyochomwa, ambavyo wataalamu wa ugani wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wamevipendekeza kwa miaka mingi. Tandaza sentimita 7 hivi za kila kimoja, kisha chimba na kuchanganya hadi kina cha sentimita 15 au 20. Kazi hii ifanywe Oktoba au Februari. Kuchimba udongo wa mbuga mwezi Julai ni kuumiza mgongo bure.

Sasa maji, na hapa ndipo penye ugomvi wangu na wanaonipigia simu. Kunyunyiza kidogo kila siku ndiko kunakoua maua mengi huku kuliko ukame wenyewe. Maji ya juu juu yanaizoeza mizizi kukaa juu juu, na tabaka la juu ndilo linalogeuka tanuri mchana. Mwagilia kwa nadra, lakini maji yazame. Kwa mimea iliyokwisha kushika, sentimita mbili na nusu za maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo, zinatosha. Miche mipya katika kiangazi chake cha kwanza inahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Pima kwa bisibisi ndefu: ikizama kwenye udongo bila kulazimishwa, acha bomba lako.

Usihukumu mmea kwa sura yake ya jioni. Majani mengi hulegea saa kumi jioni hata kama udongo umelowa, kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Utazame mmea alfajiri. Ukiwa umesimama wima, ni mzima. Ukiwa bado umelegea, hapo una kiu kweli, au mizizi imeoza kwa maji mengi. Chimba kidogo kwa kidole utajua ni lipi. Nimeona watu wakiua miche mizuri kwa kuimwagia tena na tena jioni kwa huruma.

Dallas ina sheria zake pia. Tangu 2012 vinyunyizio vya bomba vinaruhusiwa si zaidi ya mara mbili kwa wiki, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba haviruhusiwi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Miji jirani ina taratibu zake, uliza manispaa yako. Mpira unaochuruzisha maji taratibu, uliolazwa chini ya matandazo, ni bora mno: majani yanabaki makavu na maji hayapotei hewani. Matandazo yenyewe, ya magome au vipande vya mti, yawe ya sentimita 5 hadi 8, na yasirundikwe kwenye shina. Vyungu usiviache na visahani vilivyojaa maji chini yake. Mwaka 2012 homa ya West Nile inayoenezwa na mbu iliua watu katika kaunti ya Dallas, na mbu hao huzaliana kwenye vijimaji kama hivyo.

Nikiambiwa nichague ua moja tu la mahali pabaya kabisa, kando ya barabara ya saruji inayoelekea gereji, nitachagua vinka. Wengi mtalitambua: ua la waridi au jeupe lenye jicho katikati, linaloota lenyewe kwenye michanga ya pwani yetu. Asili yake ni Madagaska. Ndilo lililotupa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zinazotumika hadi leo, vinkristini hasa kwa watoto wenye saratani ya damu. Mmea wenyewe ni sumu ukiliwa, kwa hiyo mwenye watoto wa kutambaa aangalie. Siri yake ni kutokuwa na haraka. Maduka huanza kuliuza Machi, lakini likipandwa kwenye udongo baridi wenye mvua za Aprili hushambuliwa na ukungu unaoozesha shina, likafa ghafla. Subiri Mei ikolee. Likishika, litachanua bila kusimama hadi baridi ya Novemba, wala hulazimiki kuondoa maua makavu.

Potulaka ni ya pembeni mwa mawe na ya vyungu visivyo na kina; majani yake manene yanatunza maji. Ila hufunga maua jioni na siku za mawingu, kwa hiyo anayerudi kazini usiku hataifaidi. Zinia ni ya mbegu, usinunue miche. Ifukie kidogo tu kwenye udongo uliokwisha kupata joto, baada ya siku chache imeota, na kadiri unavyoyakata maua kuyaweka mezani ndivyo inavyozidisha. Ugonjwa wake ni ubwiri unga, unaoacha vumbi jeupe kwenye majani. Panda kwa nafasi ili upepo upite.

Lantana najua itawashtua baadhi yenu. Kwetu Afrika Mashariki ni gugu baya lililovamia malisho, na limeua ng'ombe na mbuzi. Hofu hiyo ni ya haki. Huku Texas ipo lantana ya asili ya hapa hapa, yenye maua ya manjano na machungwa, na ipo aina ya bustanini iitwayo New Gold ambayo kwa kawaida haizai matunda, hivyo haisambai. Hizo ndizo za kutafuta. Zinastahimili ukuta wa magharibi na vipepeo hawabanduki. Usiruhusu mtoto au mbuzi azitafune.

Kwa vichaka, esperanza yenye kengele za manjano na ile iitwayo huku Pride of Barbados, yenye maua ya moto mekundu na manjano, zitakukumbusha nyua za Mombasa na Tanga. Zote mbili hufa juu wakati wa baridi. Usizing'oe! Zikate Februari, weka matandazo, uwe na subira. Pride of Barbados huamka imechelewa, wakati mwingine Mei, na wengi huwa wameshaitupa. Baridi ile ya Februari 2021, iliyoshuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri za Selsiasi hapa Dallas, iliua nyingi kweli. Lakini kwa baridi ya kawaida mizizi yake haifi.

Senizo, kichaka cha majani ya fedha, ni mtoto wa Texas, na jimbo lilikitangaza kichaka chake cha asili mwaka 2005. Huchanua zambarau hewa inapojaa unyevu, kabla au baada ya mvua, ndiyo maana wazee wa huku hukitumia kutabiri mvua. Kipandwe mahali palipoinuka, maana maji yakituama kwenye mizizi kitakufa. Wala usikikate kiwe mviringo, utakuwa umekata maua yenyewe.

Na crape myrtle, mti ulioletwa kutoka Asia na uliopendwa hadi ukawa kichaka rasmi cha Texas mwaka 1997. Unachanua Juni hadi Septemba bila kuomba chochote. Kinachoniuma ni jinsi unavyokatwa vichwa kila Februari, vikabaki visiki vya ngumi. Ukatwapo hivyo hutoa matawi dhaifu yanayoinama kwa uzito wa maua. Toa matawi yanayosuguana na machipukizi ya chini, basi. Kama mti ni mkubwa kuliko nafasi, tafuta aina fupi, zipo za kimo cha mtoto. Ukiona shina limekuwa jeusi kama masizi na kuna vidoa vyeupe vinavyotoa rangi ya waridi ukivibonyeza, hao ni wadudu gamba wa gome, walioonekana Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2004 Richardson, hapa kaskazini mwa Dallas. Sugua shina wakati wa baridi kwa brashi laini na maji ya sabuni ya vyombo. Dawa za kunyunyizia uziogope: zinaua nyuki, na zinaua wadudu kibibi, wale wa mviringo wenye madoa, ambao hula wadudu gamba hao bure.

Walio chini ya HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa, huniambia hawaruhusiwi kupunguza eneo la nyasi mbele ya nyumba. Sheria ya jimbo ya mwaka 2013 inavikataza vyama hivi kuwazuia watu kuweka bustani inayostahimili ukame. Chama bado kinaweza kudai kuona mchoro na kuuidhinisha kwanza. Peleka mchoro, weka majina ya mimea, na uombe jibu kwa maandishi.

Katikati ya Agosti, bustani ikiwa imechoka na wewe umechoka, usikate tamaa wala usimwage mbolea ya chumvichumvi. Mmea ulioelemewa na joto hauhitaji kusukumwa. Chukua mkasi kabla ya saa mbili asubuhi, punguza lantana na waridi kama theluthi moja, na sia zinia nyingine. Mvua za Septemba zikigusa, utapata maua ya Oktoba yaliyokolea rangi kuliko ya Juni, wakati vipepeo wa monaki wanapita kwenda Mexico. Agosti hiyo hiyo nenda Dallas Arboretum, ambako wana bustani ya majaribio ya kupima mimea inayohimili joto hili. Piga picha vibao vya iliyosimama vizuri. Hiyo ndiyo orodha yako ya ununuzi ya mwaka ujao.

Na wanaotaka kubeba mbegu kutoka nyumbani: usizifiche kwenye nguo. Zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, au kibali cha mbegu chache ambacho huombwa mapema kwa wizara ya kilimo ya Marekani, na lazima uzitaje kwa afisa wa forodha unapotua. Vinka, esperanza na Pride of Barbados zote utazipata kwenye vitalu vya huku ikifika Mei.