Kutimiza miaka 65 Marekani: maswali yenu kuhusu Medicare

Waliokuja huku kubeba maboksi wakiwa vijana sasa wanakaribia kustaafu, na wengine wameshaleta wazazi. Ndiyo maana barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee. Nimechukua nne.

Natimiza 65 mwezi Machi. Nafanya kazi kwenye nyumba ndogo ya kulea wazee, tupo wafanyakazi kumi na wawili, na bima ya kazini ninayo. Nisubiri hadi nistaafu? (Minneapolis)

Usisubiri, dada. Mwajiri akiwa na wafanyakazi chini ya 20, ukifika 65 Medicare ndiyo hulipa kwanza, bima ya kazini hufuata. Usipojiandikisha, bili inaweza kukuangukia wewe. Una miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake, yaani Desemba hadi Juni. Jiandikishe kabla Februari haijaisha ili bima ianze Machi.

Sehemu A, ya kulazwa hospitali, haina ada ya mwezi kwa aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa miaka 10. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, ni dola 202.90 kwa mwezi mwaka 2026. Ukichelewa bila sababu inayokubalika, kila miezi 12 kamili huongeza asilimia 10 juu ya ada hiyo, na nyongeza haiondoki muda wote utakaokuwa na Sehemu B.

Kwa kampuni ya watu 20 au zaidi unaweza kungoja, kisha una miezi 8 kazi ikiisha. Angalieni tu: COBRA, ile bima unayoendelea kujilipia baada ya kuacha kazi, haisimamishi hesabu ya miezi hiyo 8. Wengi wamenasa hapo.

Mama alikuja kutoka Moshi kwa Green Card miaka miwili iliyopita, ana 67. Ataingia lini? (Houston)

Akitimiza miaka mitano mfululizo ya kuishi hapa. Miaka uliyofanya kazi wewe haimbebi yeye. Ya mume wake ingeweza. Bila hiyo ataweza kujiunga na Sehemu B kwa ada ya kawaida, ila Sehemu A atainunua, na si rahisi: dola 565 kwa mwezi mwaka 2026. Kwa sasa tazama soko la bima, HealthCare.gov au la jimbo lenu. Bima ya safari aliyokuja nayo msiitegemee kwa presha aliyokuwa nayo tangu nyumbani.

Kuna kijana alikuja kanisani kutuuzia Medicare Advantage: dola sifuri kwa mwezi, meno na miwani humo humo. Baba anataka kusaini. (Louisville)

Si utapeli, lakini sifuri hiyo ina maelezo. Ada ya Sehemu B inaendelea kulipwa vilevile. Mpango ni wa kampuni binafsi inayokupa Medicare yako badala ya serikali, una orodha yake ya madaktari na hospitali, na matibabu mengi makubwa huhitaji kibali cha kampuni kwanza. Andika majina ya madaktari wa baba, kusanya chupa zake za dawa, umuulize kijana moja baada ya nyingine: huyu yumo? Hii imo? Akijibu "nadhani", msisaini siku hiyo. Analipwa kamisheni, si dhambi, ila mjue.

Njia ya pili ni Medicare ya asili, ile ya serikali yenyewe ya Sehemu A na B, pamoja na mpango wa dawa wa Sehemu D, na Medigap, bima ya nyongeza inayoziba ile asilimia 20 ambayo kwa kawaida Sehemu B humwachia mgonjwa. Kila mwezi inauma zaidi mfukoni. Lakini kwa miezi 6 tangu Sehemu B ianze, kampuni ya Medigap haiwezi kumkataa mzee kwa sababu ya sukari au moyo. Miezi hiyo ikishapita, katika majimbo mengi inaweza kumkataa au kumpandishia bei. Anayeanza na Advantage akiwa mzima, akaugua miaka mitano baadaye, huenda asipate pa kurudi. Aliyejiunga na Advantage mara tu alipotimiza 65 ana miezi 12 ya kughairi.

Angekuwa mzazi wangu, ana maradhi sugu na ada inalipika, ningechagua Medigap. Pesa ikibana, Advantage iliyopekuliwa vizuri inatosha. Pigieni simu SHIP ya jimbo lenu kwanza: ni washauri wa bure, hawauzi chochote, na mkalimani wa Kiswahili unaweza kumwomba.

Nimestaafu, nataka kukaa Mombasa nusu mwaka kila mwaka. Medicare itanilipia huko? (Boston)

Shikamoo mzee. Hapana, nje ya Marekani hailipi isipokuwa katika hali chache sana. Baadhi ya mipango ya Medigap, kama G na N, hulipa asilimia 80 ya dharura ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, baada ya wewe kutoa dola 250 za kwanza, na kikomo ni dola 50,000 maisha yote. Kwa siku zinazobaki tafuta bima ya Kenya. Kama una Advantage, kuwa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita kunaweza kukuondoa kabisa. Na usiache Sehemu B ili kuokoa ada ukiwa pwani: ukirudi kuichukua tena, hesabu ya asilimia 10 itakuwa inakungoja.