Jibu: Wahispania wachache waliwaangushaje Waazteki?

Mkuu, umeuliza Cortés, kamanda wa Wahispania, na watu wake mia kadhaa waliwezaje kuiangusha dola kubwa vile, kule Meksiko ya leo. Hawakuwa peke yao! Watu wa Tlaxcala, nchi jirani, walikuwa maadui wa Waazteki tangu zamani, wamebanwa kila upande hadi chumvi na pamba zikawa adimu kwao. Kwanza walipigana na Cortés, kisha wakaungana naye, na maelfu yao ndio waliobeba vita. Mwaka 1520 ndui ikaingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ikamuua hata mtawala mpya, Cuitláhuac. Mji ukazingirwa, ukakatiwa maji ya chemchemi za Chapultepec, ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521. Bunduki na farasi vilisaidia, ila mimi naviweka nafasi ya tatu.