Jibu: Bima ya bei nafuu kwa viza ya masomo Ujerumani

Mdogo wangu, hongera kwa nafasi ya chuo. Umeuliza kama ile bima binafsi ya euro 30 kwa mwezi itakutosha mpaka umalize shahada. Kwa viza na zile wiki za mwanzo, sawa, mradi cheti kionyeshe kinga isiyopungua euro 30,000. Ila usiishi nayo.

Ukishafika, jiunge na bima ya umma kama TK, AOK au Barmer. Una miaka 24, na chini ya 30 unapata bei ya mwanafunzi. Mwaka 2025 ilikuwa takriban euro 145 kwa mwezi. Najua inauma ukizidisha kwa shilingi. Lakini ukiomba kuondolewa kwenye bima ya umma ubaki na ya binafsi, huwezi kurudi hadi umalize masomo. Hapo ndipo wengi wananaswa.

Mwenzangu wa chumba alishika ya bei rahisi. Jino likamuuma usiku kucha, shavu limevimba, asubuhi akaenda kung'olewa. Bima ikamjibu kwamba tatizo lilikuwepo kabla ya mkataba. Tulichangishana kulipa ile bili.

Kama utaanza na kozi ya lugha tu, niambie, maana bei hiyo ya mwanafunzi hutaipata.